Drili ya gia ya kilo mia nne: ninunue, Mama?

Karakana ya Mama: maswali ya wasomaji kuhusu vyuma na mashine

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Kihonda, Morogoro. Nachomelea mageti na madirisha uani nyumbani, na tangu mwaka jana natengeneza pia fremu za mashine za kukoboa mahindi. Kinachoniua ni kutoboa. Nina drili ya mezani ya mkanda. Nikivuka milimita 16 inalia, mkanda unateleza, biti inaungua. Sasa kuna karakana Dar es Salaam, Barabara ya Nyerere, inafunga kazi, na inauza drili ya kusimama, ya gia, imeandikwa Arboga. Muuzaji anasema ni ya Sweden, uzito kama kilo 400, tundu la spindeli (ule mhimili unaoshika na kuzungusha biti) ni Morse namba 3, yaani kipimo cha tundu la koni. Kibati cha mota nimekipiga picha: 380 V, njia tatu (fezi tatu), mizunguko 700/1400. Rangi imebanduka na meza ina matundu mengi. Anataka shilingi 2,800,000. Nyumbani tuna umeme wa njia moja, LUKU ya kawaida, lakini rafiki yangu fundi umeme anasema atafunga kapasita na itazunguka tu. Ninunue?
— Msomaji, Kihonda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho limekwama kwenye neno moja: kapasita. Nitalifikia, na nitakuwa mkali kidogo. Tuanze na mashine.

Drili za Arboga nazijua. Mwaka 1984 nilipoajiriwa kwenye karakana ya kiwanda cha nguo, msichana peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja, kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kufagia chenga chini ya drili ya aina hiyo. Nadhani walitegemea nichoke niombe kuhamia ofisini. Nikakaa nayo miaka kumi na tisa. Giaboksi yake haikufunguliwa hata siku moja. Tulibadilisha mafuta, na mara moja oili sili ya chini iliyokuwa inadondosha matone juu ya kazi. Kwa hiyo jina lisikutie shaka. Wasiwasi wangu ni hiyo moja unayoitaka, imepita mikono ya nani na walikuwa wakiifanya nini.

Kabla hujatoa hata mia, hakikisha hutaki kununua kilo 400 za chuma kwa sababu ya biti butu. Noa biti zako kwanza. Halafu fanya hesabu hii: kwa chuma cha kawaida na biti ya haisipidi (ile iliyoandikwa HSS), chukua 8,000 ugawe kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Jibu ndilo mizunguko kwa dakika. Biti ya 10 inataka 800. Biti ya 25 inataka 320. Biti ya 40 inataka 200. Sasa fungua mfuniko wa drili yako ya mezani uangalie kile kibati cha mikanda: nyingi za aina hiyo mwendo wa chini kabisa ni 500 na kitu. Ukitia biti ya 20 au ya 25 unaiendesha kasi kuliko inavyostahimili, na papo hapo mkanda hauna nguvu ya kuisukuma. Ndiyo maana inalia. Drili ya gia inashuka hadi mizunguko michache na nguvu haipotelei kwenye mkanda. Kwa fremu za mashine za kukoboa, zenye matundu ya bolti nene kwenye chaneli na bamba, hiyo ndiyo mashine yako. Katika hilo uko sahihi.

Ila usiiuze ile ya mezani. Biti ya milimita 2 kwa hesabu ileile inataka 4,000, na drili kubwa za gia kwa kawaida hazifiki huko. Utavunja biti ndogo kila siku ukidhani ni za bandia.

Haya, umefika Barabara ya Nyerere. Rangi usiiangalie. Meza yenye matundu kama chekeche nayo isikutishe. Ni wanafunzi wa kazi walisahau kuweka ubao chini. Kinachonitisha mezani ni ufa, hasa pembeni ya zile njia za bolti, kwa hiyo futa grisi na uchafu upitishe tochi. Ukiona mstari mweusi usiofutika, gonga na kinyundo kidogo: meza nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti ya sufuria.

Muda wako mwingi uutumie kwenye spindeli. Beba mafuta ya taa, kitambaa, tochi, geji ya saa yenye stendi ya sumaku (ukikosa, azima chuo cha ufundi kilicho jirani), biti mpya yenye shina la koni namba 3, na rangi ya mdomo. Ndiyo, lipstiki. Mafundi wana bluu yao ya kupimia mguso, lakini mimi tangu zamani natumia ya kwangu, nyekundu iliyokolea, na haijanidanganya. Kama huna dada wala mchumba, za bei ndogo zimejaa sokoni.

Zima umeme kwenye swichi kuu, si ya mashine tu. Pima kwanza mdomo wa tundu: karibu milimita 24 ni namba 3 kweli, karibu 18 ni namba 2, karibu 31 ni namba 4. Wauzaji wengi hutaja namba waliyoisikia. Kisha viringisha kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye kijiti, usafishe tundu hadi kitambaa kitoke cheupe. Ingiza kidole. Ukihisi pete au makovu yanayozunguka, ujue siku moja shina la biti lilizungukia humo ndani.

Sasa rangi. Chora mistari mitatu myembamba kwenye shina la biti, kuanzia chini hadi juu. Sukuma shina kwenye spindeli kwa mkono, bila nyundo, zungusha kidogo kushoto na kulia, litoe. Rangi ikiwa imesambaa urefu mzima wa shina, tundu ni zima. Ikifutika upande wa chini peke yake, au ikibaki pete moja katikati, koni haikai. Hilo si mwisho wa dunia: rima ya kumalizia ya Morse namba 3, yaani kikatio cha kusawazisha tundu, ikizungushwa kwa mkono taratibu, inaondoa vinundu. Ila rima haijazi palipolika, kwa hiyo kama tundu limechimbika sana utabaki na spindeli ya kutafutiwa mwenziwe, na mwenziwe hapatikani Kariakoo.

Halafu geji. Stendi ya sumaku iweke mezani, ncha ya geji iguse sehemu laini ya shina, juu ya mikunjo ya biti. Zungusha spindeli kwa mkono, ikiwezekana gia zikiwa huru, uangalie sindano. Kutikisika kwa 0.05 ya milimita kwenye mashine ya umri huo ni jambo la kumshukuru Mungu. Kwa mageti na fremu zako hata 0.1 utaishi nayo. Ukiona 0.3, usikate tamaa upesi, huenda biti ndiyo iliyopinda. Tia alama ya chaki kwenye spindeli pale sindano inapofika juu kabisa. Toa biti, izungushe nusu mzunguko, irudishe, pima tena. Kama kilele kimehama upande wa pili pamoja na biti, kosa ni la biti. Kama kimebaki palepale kwenye chaki, kosa ni la spindeli, na hapo unafunga begi lako.

Kisha shusha spindeli kama sentimita kumi, ishike kwa mikono miwili uitikise mbele na nyuma. Kucheza kidogo kwa ile silinda inayobeba spindeli ni kawaida. Isukume juu na kuivuta chini pia: kama kuna kugonga, tok, tok, beringi zimelegea au zimekwisha. Beringi zinapatikana, namba imeandikwa juu yake, lakini ipunguze kwenye bei.

Gia sasa. Kabla ya kuwasha, omba kufungua nati ya kumwagia mafuta, upokee kiasi cha kikombe cha chai. Paka kidoleni, peleka juani. Ukungu wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyometameta, vyenye ncha, ni meno ya gia. Muuzaji akikataa kufungua nati hiyo, umeshapata jibu lake.

Ndipo uwashe, gia moja baada ya nyingine, na kila unapobadilisha mashine iwe imesimama kabisa. Sisi tulikuwa na kijana mmoja aliyebadilisha gia zikizunguka. Sauti ile ilikuwa inaniuma meno yangu mwenyewe. Drili ya gia huimba kuliko ya mkanda, usiogope. Sikiliza kama wimbo ni mmoja. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpangilio, kama mtu anayechechemea, ni jino lililovunjika, na kwenye gia ya polepole utaweza kuuhesabu. Iache izunguke dakika kumi na tano, ushike kichwa chake: uvuguvugu sawa, moto wa kuondoa mkono hapana.

Tumefika kwenye umeme.

Kibati chako kinasema 380 V na 700/1400. Maana yake ni mota ya njia tatu yenye miendo miwili, na koili zake zimepangwa hivi kwamba swichi ndiyo inayozibadilisha kutoka mwendo mmoja kwenda mwingine. Mota ya kawaida iliyoandikwa 220/380 ina vipande vya shaba kwenye kisanduku chake ambavyo fundi anaweza kuvihamisha ikakubali 220. Hii yako haina nafasi hiyo. Ncha zake zote zimeshatumika kwa ajili ya miendo miwili. Inataka 380 kwenye njia tatu, basi.

Rafiki yako akifunga kapasita, mota atakuwa ameipa 220 badala ya 380, na ile njia ya tatu itakuwa ya kuigiza. Ndiyo, itazunguka. Yangu pia ilizunguka. Mwaka 2006, nilipoanza karakana hapa nyumbani, nilinunua drili ya gia ya njia tatu, na fundi mmoja wa mtaani akanifungia kapasita mbili kubwa kama makopo ya maziwa. Siku ya kwanza nilimwita jirani aje aone. Siku ya nne nilikuwa natoboa bamba la milimita 20, mota ikaacha kuimba ikaanza kunguruma, na kabla sijafikia swichi ikaja ile harufu ya vanishi ya waya inayoungua. Kurudishia waya kulinila zaidi ya nusu ya bei ya mashine. Yule fundi alisema niliisukuma sana. Nami niliinunua ili niisukume.

Namna za kufanya ni tatu. Ya kwanza ni kuhamia umeme wa njia tatu. Toka nje uangalie nguzo ya karibu: kama ina waya nne au zaidi, njia tatu huenda ziko mlangoni kwako, kama ni mbili tu, gharama itapanda kwa sababu lazima laini ivutwe. Kama waya zimesokotwa pamoja, usibahatishe. Nenda ofisi ya TANESCO upate makadirio kwa maandishi kabla ya kumlipa muuzaji, si baada.

Ya pili ni kubadilisha mota: kuweka ya mwendo mmoja, mizunguko 1400, iliyoandikwa 220/380, na kuiendesha kwa inveta ya mota, ile wauzaji wanayoiita VFD, inayopokea njia moja ya 220 na kutoa njia tatu za 220. Si inveta ya sola, tusielewane vibaya. Ukiishusha hadi hezi 25 utaupata karibu ule mwendo wa 700, japo feni ya mota nayo inapungua, kwa hiyo usiikamue humo kutwa. Washa na kuzima kwa vitufe vya inveta yenyewe. Ile swichi ya zamani ya drili iondolewe katikati. Kabla ya kuamua, fungua bolti za mota uone imeungwaje. Kwenye drili nyingi za gia, gia ya kwanza imekaa juu ya shafti ya mota. Hapo mota mpya lazima ilingane flanji (ule uso wa kufungia bolti) na unene wa shafti, au mkerezaji aingie kazini, na bei yake uijue mapema.

Ya tatu ni kibadilishi cha kuzungusha, yaani mota nyingine kubwa inayotengeneza njia ya tatu, pamoja na transfoma ya kupandisha 220 hadi 380. Inafanya kazi. Pia ina kelele, ina uzito, na inataka fundi anayeijua hasa. Kwako siipendekezi.

Njia yoyote utakayochukua, hakikisha kuna kontakta, yaani swichi ya sumaku inayojiachia umeme ukikatika na kubaki imezima hadi uiwashe mwenyewe. Umeme wetu unajua kuondoka na kurudi. Unakatika biti ikiwa ndani ya chuma, unainama kufungua bolti za jiliwa, unarudi, na mashine ya gia haina mkanda wa kuteleza ili ikuhurumie. Hilo pia ndilo jambo la kukariri kwa mtu anayetoka kwenye mkanda: biti ikinasa, kinachozunguka ni kazi yako. Mwenzangu alishika bamba kwa mkono, tundu moja tu, alisema. Kifundo cha mkono wake hakikunyooka tena. Funga kila kitu kwa bolti au jiliwa, na glavu zivuliwe. Nywele, kanga, mikono mirefu ya shati, vyote vifungwe.

Kusafirisha sitakaa sana. Mwaga mafuta yote kabla ya kuilaza. Shusha meza hadi chini. Kamba ya kunyanyulia ipite kwenye nguzo chini ya kichwa, kamwe si kwenye meza wala spindeli. Uzito wa mashine hii uko kichwani, ukiisimamisha kwenye Canter itataka kupinduka kwenye kona ya kwanza. Ilaze juu ya matairi chakavu na uifunge pande nne. Nyumbani, mabomba matatu ya inchi moja na nusu yataipeleka popote kama sakafu ni ngumu. Ikisimama, ifunge kwa bolti nne kwenye zege lisilopungua inchi sita. Na pima urefu wake kabla, maana naona kwenye picha ya banda lako uliyonitumia bati limeshuka sana.

Basi, ununue? Kama rangi ya mdomo na geji zitasema vizuri, ndiyo, lakini si kwa 2,800,000. Mjulishe muuzaji kwamba mota haikufai, umwoneshe bei ya mota na inveta uliyoiuliza Gerezani asubuhi hiyohiyo, mkae chini. Kama TANESCO wamekupa makadirio unayoyamudu, mota ibaki, na hapo bei yake naiona ya haki. Kama huwezi lolote kati ya hayo mwaka huu, iache. Na huyo rafiki yako, mpe salamu zangu.

SWALI: Mama, habari za kazi. Biti yangu ya 28 yenye shina la koni imekatika ile ncha bapa ya juu. Naweza kuichomelea ncha nyingine? Na kwa nini ikatike?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Njema, mwanangu. Usiichomelee; moto utaipinda koni na hutaona hadi uitie kwenye mashine. Ile ncha bapa haipo kwa ajili ya kuzungusha biti. Kazi yake ni kupigwa na kabari wakati wa kuitoa. Kinachozungusha biti ni koni kubana kwenye koni, chuma kwa chuma, kavu na safi. Ncha ikikatika maana yake koni iliteleza na mzigo wote ukaiangukia yenyewe. Tafuta uchafu, mafuta au kovu ndani ya spindeli, na kwenye mfuko wa kupunguzia (ile koni ya kati inayowezesha shina dogo kukaa kwenye tundu kubwa) kama unautumia. Fanya jaribio la lipstiki nililomweleza mwenzako hapo juu. Na kama mmekuwa mkitoa biti kwa bisibisi na nyundo badala ya kabari yake, mmeshapata chanzo cha makovu.

SWALI: Bi mkubwa, shikamoo. Huku kwetu mafuta ya kutobolea ni shida. Natumia maji ya sabuni na meza inashika kutu. Mafuta ya nazi yanafaa?
— Msomaji, Chake Chake

JIBU: Marahaba. Yanafaa kwa chuma, tena vizuri kuliko watu wanavyodhani, hasa biti kubwa ikienda polepole. Paka kwa brashi, kidogo kidogo. Kwa aluminiamu tumia mafuta ya taa, na chuma cha kusubu toboa kikavu. Ila mafuta ya nazi yakikaa kwenye mashine yanachacha, yananata, na sisimizi watakuja. Futa meza na spindeli kila jioni, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta ya injini.